Jibu: Moshi wa 2020 ulipunguzwa na ndege au magari?

Ndugu, umeuliza kama ni ndege zilizosafisha hewa wakati wa korona. Hapana, hasa ni magari. Mapema Aprili 2020, kaboni dioksidi iliyotolewa duniani kwa siku ilishuka kwa takriban asilimia 17 ikilinganishwa na 2019, na karibu nusu ya upungufu huo ilitoka barabarani. Kwa asilimia, ndege zilipungua kuliko sekta yoyote, ila mchango wao wa kaboni ulikuwa mdogo tangu awali. Viwanda na umeme vilishuka pia. Majumbani hakukushuka, watu walikuwa ndani wakipika.

Usichanganye kaboni na naitrojeni dioksidi, gesi chafu itokayo kwenye eksozi. Hiyo hudumu hewani saa chache tu, ndiyo maana miji ilionekana safi haraka, na uchafu ukarudi haraka vilevile.

Sisi Nakuru tulifungiwa Machi 2021 pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado, lakini mizigo iliruhusiwa. Malori ya kwenda Uganda yaliendelea kututimulia moshi wa dizeli. Na jiko la makaa, nalo lilijua kafyu wapi?