Hongera laptop imewaka, sasa nisikilize kabla hujafungua ya pili

Madogo zangu, leo nimeshindwa kunyamaza. Wanakuja wapya kujifunza ufundi wa laptop, wanaondoka, wanakuja wengine, na mchezo ni uleule: kava la chini limefunguliwa, skrubu zimetapakaa meza nzima, betri bado imechomekwa, na mtu anavuta ribini ya kibodi, ile kebo bapa nyembamba, kwa kucha huku anasikiliza muziki. Ukimuuliza anakujibu "si nimeizima bro". Umeizima, sawa. Na umeme wa betri nao umeuaga?

Lakini najua kwanini mko hivyo na siwalaumu sana. Ni ile raha ya mara ya kwanza. Mimi laptop yangu ilikuwa inazima yenyewe, nafungua video tu feni inapiga kelele mpaka watu wanageuka, af puu, giza. Kila mtu ananiambia nunua nyingine. Siku nimejipa moyo nikaifungua mikono inatetemeka, kila skrubu naipiga picha, kutoa feni nakuta kati yake na mapezi ya hitisinki, kile chuma cha kupozea prosesa, kuna tabaka la vumbi limeshikana kabisa, nikalidaka ncha kwa kibano likatoka lote kipande kimoja. Pesti ya prosesa, ile ya kupitishia joto kwenda hitisinki, ilikuwa imekauka inabanduka unga. Nikapangusa kwa spiriti, nikaweka mpya, nikafunga, nikabonyeza pawa. Kimya. Nikajua nimeshaiua. Kusogeza sikio, kumbe feni inazunguka ila taratibu, sikuwa nimewahi kuisikia ikiwa mzima. Joto lililokuwa linapita nyuzi 90 kwa kufungua browser tu sasa linacheza kwenye 50. Nikaizima nikaiwasha tena bila sababu yoyote, nataka tu kuiona inawaka.

Hiyo raha ni halali yako na hakuna wa kukunyang'anya. Ubaya wake inalevya. Laptop ya kwanza unaifungua kwa adabu, ya pili unaifungua kwa sifa. Na ajali nyingi ninazoziona mezani ni za ile ya pili.

Haya, twende.

1. Betri kwanza, kabla ya kitu chochote. Zima kabisa, sio kuilaza (sleep). Toa chaja, fungua kava, chomoa konekta ya betri kwenye mazabodi (bodi kuu), halafu shikilia kitufe cha pawa sekunde 15 hivi umeme uliobaki uishe. Laptop nyingi za ThinkPad zina sehemu kwenye BIOS, ile programu ya msingi inayoanza kabla ya Windows, ya kuizima betri ya ndani, itumieni. Na msiniambie "mi nafungua skrini tu sigusi bodi", maana hilo neno nililisema mimi, na ngoja niwaambie lilinifikisha wapi.

Baada ya laptop yangu kupona nilitangaza ukoo mzima. Mjomba akaniletea yake, skrini imepasuka upande. Kazi nyepesi. Nikaagiza skrini sahihi, pini 30, saizi ileile, mpaka hapo niko vizuri. Nikabandua fremu, nikailaza skrini juu ya kibodi, nikachomoa kebo nyuma. Betri iko chini, kuifikia ni kutoa skrubu za kava zote, nikaona ah, laptop si imezimwa, kuchelewa tu huku. Nikachukua skrini mpya nikachomeka kebo, ikaingia kimshazari, nikahisi haijakaa, nikaisukuma kidogo upande, nikaitoa nikaichomeka tena ikakaa. Hakuna cheche, hakuna moshi, hakuna hata harufu. Nawasha: taa ya pawa ipo, feni inazunguka, Windows inalia ule mlio wake, skrini nyeusi tii. Nikasema skrini mpya mbovu hii. Nikarudisha ile iliyopasuka, ambayo asubuhi ilikuwa inaonyesha vizuri nusu nzima. Nayo nyeusi.

Jasho lilinitoka nimekaa. Nikazima taa ya chumba, nikawasha tochi ya simu nikaimulika skrini kwa ubavu, na kule ndani kabisa nikaona kitu, hafifu hafifu: mjomba amevaa suti, picha ya harusi ya binti yake, ndo aliyoiweka mbele. Picha ipo, baklaiti, ile taa ya nyuma ya skrini, haipo. Wazoefu hapo mmeshajua. Kwenye bodi nyingi ile kebo ya skrini inabeba volti za baklaiti, ambazo ni kubwa, jirani tu na laini za volti 3.3, na betri ikiwa imechomekwa kuna bodi ambazo hizo volti zipo pale hata ukiwa umezima. Konekta ikiingia upande pini zinagusana, inapiga shoti, fyuzi inajitoa mhanga. Fyuzi yenyewe ndogo kama chawa.

Sasa mimi nilifanya nini? Kitu cha kijinga ambacho na nyie mnakifanya. Badala ya kukubali, nikachomeka monita ya nje, nikaanza kusasisha draiva, zile programu za kuendesha vifaa. Draiva! Nikapiga Windows upya. Nikagusa na BIOS. Huku moyoni najua kabisa programu haiwezi kuwasha taa ambayo haina umeme. Mjomba anapiga simu, "Mjomba, mgonjwa wangu anaendeleaje?" namjibu "anaendelea vizuri mjomba, nasubiri kifaa". Simu yake ikiita nashtuka. Mwisho nikaibeba nikampelekea fundi mmoja mkubwa kwangu, hakuifungua hata, akaniuliza swali moja tu, betri ulichomoa? Nikasema ndiyo kaka. Akafungua, akaweka mita kwenye ile fyuzi, tukasubiri mlio wa mita, mlio haukuja. Akainua macho akaniangalia. Hakusema kitu, na mimi nikaanza kuangalia ukuta.

Aliniachia bodi nyingine iliyokufa nitafute humo fyuzi ya ampea zilezile, akanisimamia nikaichomelea mwenyewe, mkono unatetemeka kuliko siku ile ya feni. Nikamuuliza si tungeunga tu kawaya pale? Alinijibu kwa sauti ambayo sitaiandika hapa. Fyuzi ikishakufa unaweka fyuzi, ukiweka waya siku ya shoti nyingine kinachoungua ni bodi au kebo. Skrini ikawaka. Nilifurahi, sikatai, ila ilikuwa furaha ya mtu aliyeachiwa na polisi. Mjomba nilimwambia ukweli baadaye, akacheka sana, na tangu siku hiyo laptop zake anapeleka kwa fundi mwingine.

2. Skrubu. Chora umbo la laptop kwenye karatasi, kila skrubu itoboe pale ilipotoka. Hazilingani urefu, na skrubu ndefu ukiikaza kwenye tundu la fupi inaweza kutokeza upande wa pili ikatoboa bodi au kuinua kibodi. Nyingine zinajificha chini ya miguu ya mpira, kwahiyo kava likigoma usilitie nguvu, kuna skrubu umeisahau. Dogo mmoja juzi kafunga mashine, zimebaki tatu mezani, namuuliza hizi vipi ananiambia za ziada. Kiwanda gani hicho kinachoweka skrubu za ziada, na kwanini mimi sijawahi kuletewa laptop yake? Tukaifungua upya, mbili zilikuwa za hitisinki. Za hitisinki jamani, ambazo mara nyingi zimeandikiwa mpaka namba ili uzikaze kwa mpangilio.

3. Ribini ina kafuniko kake kadogo kwenye konekta, inua kafuniko kwanza ndo uvute, na kuna vingine havinuki bali vinasogezwa mbele. Angalia kwa macho ni kipi, msibahatishe.

4. RAM, kadi ya kumbukumbu, ina aina zake. DDR3L ni volti 1.35, DDR3 ya kawaida ni 1.5, zinafanana umbo, na laptop inayotaka 1.35 ukiipa ile nyingine inaweza isiwake kabisa. DDR4 haiingii kwenye tundu la DDR3, kikato kimehamishwa makusudi, kwahiyo ukiona unalazimisha, acha. Iingize kimshazari, ilaze mpaka vishikizo vilie pande zote mbili. Na DDR5 mpya ikiwashwa mara ya kwanza skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa, inajipima, mwacheni apumue. Kuna mtu hapa aliizima kila baada ya sekunde 20 jioni nzima akilalamika RAM feki.

5. SSD ya M.2, ile diski nyembamba ya kuchomeka kwenye bodi, kuingia kwenye tundu haimaanishi inasomeka, soma kwanza kama tundu ni la SATA au NVMe, ni njia mbili tofauti za kuwasiliana na diski.

6. Ukipuliza feni shika mapanga yake yasizunguke.

7. Betri iliyovimba hapa sina utani. Usiichokonoe kwa bisibisi, usiikandamize ikae, usiichaji "mara ya mwisho". Ikigoma kubanduka niite.

8. Kabla ya kugusa BIOS au kubadili bodi, muulize mwenye laptop kuhusu BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga data za diski. Mwingine hajui hata kama anayo, imejiwasha yenyewe alipoingia na akaunti ya Microsoft. Aingie kwenye akaunti yake atoe ule ufunguo wa kurejesha auandike, ni tarakimu 48, afanye hivyo wakati mashine bado inawaka na wewe hujashika bisibisi. Asipoupata, funga kava umrudishie.