Mwani wa bamvua la pili
Wanangu mnaoanza mwani hapa Mlingotini, jana nimewaona mnafungua kamba za mwani bamvua la pili, moyo ukaniuma. Bamvua ni zile siku za maji kujaa na kupwa sana, kila baada ya wiki mbili. Shule zinafunguliwa na ada inatakiwa, najua. Nisikilizeni hata hivyo.

1. Hesabuni mwezi. Umepanda mwezi mwandamo? Mwezi mpevu ni bamvua la kwanza: kagua, toa majani mengine yaliyonasa, kaza taitai zilizolegea, vile vikamba vya kufungia mwani. La pili vilevile. La tatu, wiki ya 6, ndiyo vuna. Bibi yangu hakuwahi kulima mwani, lakini kusubiri bahari alinifundisha kwa makumbi, maganda ya nazi tunayotoa usumba, nyuzi za kusokotea kamba. Tukiyafukia ufukweni, tunalaza mawe juu, tunangoja miezi. Nikiwa na miaka kama 8 nilifukua shimo letu mapema. Nikayapiga makumbi mpaka viganja vikatoka malengelenge, usumba ukakataa kuachana. Bibi hakunipiga. Alinirudisha nikayafukie upya, moja moja, maji yanajaa.

2. Tenga mbegu kwanza, vile vishada vya kupanda tena, ndipo uvune. Mwaka wa ada ya mwanangu nilivuna bamvua la pili, kamba zangu zote 20. Wifi yangu alikuwa ndani kwenye arobaini, kamba zake 10 kaniachia nimtazamie. Nikazivuna nazo, nikijiambia namsaidia apate cha uzazi. Mwani mchanga ni maji tu: ulinywea juu ya chanja, kamba 30 zikatoa gunia moja na nusu. Mnunuzi akaukunja mkononi, akashusha bei. Mbegu sikuacha hata kishada. Wifi alipotoka arobaini alishuka pwani na mtoto mgongoni, wakati ambao mwani wake ungekuwa umeiva, akakuta vigingi vitupu. Hakusema neno. Alikaa mchangani akamnyonyesha mtoto. Mbegu nilimrudishia baada ya mabamvua manne, nimeomba kwa wenzangu kishada kishada. Mpaka leo tukiwa shughulini, sahani ya kwanza nampelekea yeye.

3. Msianike mchangani. Chanja au turubai, na wingu likitanda funikeni. Maji ya mvua yanaupausha.

4. Mwani wa aina ya kotonii una bei kuliko wa spinosamu, lakini maji yakipata joto kotonii ndiyo inayotangulia kuoza. Msikope kwa kuitegemea.

Na wewe binti uliyefungua kamba saba jana, zilizobaki ziache majini. Ya ada njoo jioni tuzungumze, kibubu changu hakijavunjwa.