GPS ikikatika angani, rubani anajuaje alipo?

Swali: Shikamoo Kapteni. Nilimpeleka mama umra. Tulipokaribia Jeddah rubani akatangaza kwamba GPS inakatika-katika, lakini tusiwe na wasiwasi. Mama hakuiachia tasbihi mpaka tukatua. Je, ikizima kabisa usiku, juu ya bahari, ndege inajuaje ilipo? – Msomaji wa Langoni, Lamu

Jibu: Marahaba. Mama mpe salamu zangu, Mungu amkubalie umra yake.

Ndege kubwa ya abiria haitegemei GPS peke yake. Ndani mna mitambo miwili au mitatu isiyopokea chochote kutoka nje. Kila mmoja una jairo za miale ya leza zinazohisi ndege ikigeuka, na vipimo vinavyohisi ikiongeza au kupunguza mwendo. Ndege ikiwa bado imeegeshwa tunauambia mtambo mahali ulipo, unatulia kama dakika 10, kisha unaanza kuhesabu: upande gani, kasi gani, muda gani. Nahodha anayetoka Kiwayu usiku kuja Manda hupiga hesabu hiyo hiyo kwa dira na saa. Hesabu huteleza kidogo kidogo, pengine hadi maili 2 za bahari kwa saa, kwa hiyo kompyuta huisahihisha kwa kupima umbali kutoka vituo vya redio vya ardhini. Karibu na uwanja, waongozaji wa ndege hutuona kwa rada, na mawimbi ya redio ya uwanja wenyewe hutushusha mpaka chini bila setilaiti yoyote.

GPS ikizima, basi, mmoja wetu anaendelea kurusha ndege, mwenzake anafungua orodha ya hatua na kuwaarifu waongozaji. Tunalifanyia mazoezi mara kwa mara.

Ninachokihofia zaidi ni GPS inayodanganya. Setilaiti zake ziko juu kilomita 20,000 hivi, ishara hutufikia zikiwa dhaifu mno, na mwenye mtambo ardhini anaweza kuzifunika au kurusha za uongo. Mashariki mwa Mediterania na Bahari ya Shamu tumeyaona hayo. Kioo cha ramani mbele ya rubani hakilalamiki, kinakuonyesha mahali, kumbe hupo hapo. Saa ya ndege inaweza kuruka, au onyo la mlima likalia nawe uko juu ya maji matupu. Tukishuku tu, tunaitoa GPS kwenye hesabu na kufuata redio.

Na uongo si lazima utoke nje. Tarehe 3 Septemba 1989, nchini Brazil, Boeing 737 ya shirika la ndege la Varig iliondoka Marabá kwenda Belém. Kwenye karatasi ya safari mwelekeo uliandikwa 0270, yaani nyuzi 27.0 za dira, kaskazini ukiegemea mashariki. Kapteni akaweka 270, magharibi kabisa. Hakuna chombo kilichoharibika. Jua lilikuwa likizama mbele ya macho yao, nalo lilipaswa kuwa mkono wa kushoto. Mafuta yaliwaishia usiku juu ya msitu, na kati ya watu 54 wakafa 12. Marubani wapya ninaowafundisha huanza na mkasa huu kabla hawajagusa kitufe: jibu la chombo kimoja kaliulizie kwa kingine kisichohusiana nacho, hata kama ni jua.

Rubani wenu alipotangaza, kazi hii kwa kawaida huwa imeshafanyika. Ndege kwanza, waongozaji baadaye, abiria mwisho.