Mita Tano Zisizo na Mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza sisi wasomaji ni nani mwenye wajibu wa kuiweka safi barabara ya mtaa: mamlaka za eneo au majirani wanaoishi kando yake. Jibu langu ni majirani, ingawa sikubaliani na wanaosema kwamba majirani hawajali. Wengi ninaowafahamu hufagia kila asubuhi, tena hufagia vizuri. Tatizo ni kwamba kila mmoja huishia kwenye mpaka anaoudhani kuwa wake, na mipaka hiyo haikutani. Kati ya kona ya ukuta wa huyu na lango la yule hubaki kipande cha mita tano hivi, mara nyingi penye nguzo ya umeme au mdomo wa kalvati, ambacho hakuna aliyewahi kukikataa wala kukikubali, na hapo ndipo jalala huanzia.

Nayasema haya kwa kuwa yametupata. Mtaani kwetu tuliitana siku moja ya mapumziko, tukafyeka nyasi, tukazibua mtaro, tukajaza viroba zaidi ya thelathini na kuvipanga pembeni ya barabara vikisubiri gari la taka, kisha tukapongezana na kutawanyika. Hakuna aliyekuwa amekabidhiwa kazi ya kuhakikisha kwamba gari hilo linakuja. Viroba vilikaa pale wiki tatu, mbwa wakavichana, na wapita njia wakaongeza vyao juu yake, maana penye viroba kila mtu huona kuwa ndipo pa kutupia. Tope tulilolizoa mtaroni tulikuwa tumelirundika ukingoni mwa mtaro uleule (wazo hilo, nakiri, lilikuwa langu), na mvua ya kwanza ikalirudisha lote ndani.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Groningen, nchini Uholanzi, walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya mitaani. Katika mojawapo walifunga vikaratasi vya matangazo kwenye usukani wa baiskeli zilizoegeshwa katika kichochoro kisicho na pipa la taka, wakahesabu wenye baiskeli waliovitupa chini. Ukuta wa kichochoro ulipokuwa safi, waliotupa walikuwa asilimia 33. Ulipochorwachorwa, walifika asilimia 69. Hapakuwa na taka za ziada zilizowashawishi, bali michoro tu ukutani. Kwa hiyo mimi hukihofia kiroba cha kwanza kuliko vyote vinavyokifuata, na nashauri kiondolewe siku hiyohiyo bila kungoja kujulikana ni cha nani, kwa sababu uchunguzi wa mwenyewe huchukua siku nyingi na jalala halisubiri.

Tulipokutana tena hatukuzungumzia siku nyingine ya usafi. Tulitembea barabara nzima kwa miguu, tukisimama kwenye kila kipande kisicho na mwenyewe na kuuliza nani atakichukua, hadi vyote vikapata nyumba, wapangaji wakihesabiwa sawa na wenye nyumba. Mtu mmoja alikabidhiwa ratiba ya gari la taka, na mwingine akawa mtunzaji wa koleo, reki na toroli, maana vifaa vya wote visivyo na mtunzaji havimalizi mwaka. Mtaro huzibuliwa kuanzia chini, maji yanakoelekea, na tope hupakiwa kwenye toroli papo hapo. Zamu ni ya kila wiki kwa sababu mbu wa Aedes, aenezaye homa ya dengi, huweza kutaga hata katika kizibo cha chupa chenye maji, na penye joto yai huwa mbu kamili kwa muda wa siku saba hadi kumi. Usafi wa mara moja kwa mwezi humwachia nafasi ya kutosha.

Lililo gumu kuliko yote ni jirani asiyefanya zamu yake. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alichunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanavyotunza pamoja mifereji ya umwagiliaji, malisho na maeneo ya uvuvi, akakuta kwamba katika jumuiya zilizodumu adhabu huanza ndogo na kupanda hatua kwa hatua, na wasimamizi ni watumiaji wenyewe au watu wanaowajibika kwao. Sisi hatutozi faini. Mwenye zamu iliyotangulia humwendea jirani huyo faraghani, na mara nyingi hukuta sababu ya kweli: ugonjwa, kazi ya usiku, au mgongo usioweza tena kuinama, na huyo hupewa kazi ya ratiba badala ya koleo. Kumtangaza mtu mbele ya wote tulikujaribu mara moja, naye hajashika ufagio hadi leo.

Mamlaka nazo zina lao, kwa kuwa kalvati kubwa na gari la taka haviko katika uwezo wa majirani. Ila tangu mtunza ratiba aanze kuandika tarehe ambazo gari halikuja, malalamiko yetu husomwa, na mara mbili yamejibiwa.

Msomaji wenu