Vipimo vinasema sina, mwili unasema bado

Ukienda hospitali na uchovu usioisha, moyo unaokwenda mbio kila ukisimama, na kichwa kinachosahau jina la mwanafunzi unayemfundisha kila siku, swali la kwanza huwa hili: "Ulipima Korona ikaonekana?" Ukijibu hapana, mara nyingi mazungumzo yanaishia hapo. Nimeishi na swali hilo tangu mwaka 2021. Naandika kuhusu Korona ya muda mrefu, yaani dalili zinazobaki baada ya maambukizi kuisha, kwa ajili ya wale ambao majibu yao yote yanarudi safi, ila wao wenyewe wanajua si wale wa zamani.

Niliugua Februari 2021, Dar es Salaam. Waliokuwepo wanakikumbuka kipindi kile. Takwimu za wagonjwa zilikuwa hazitolewi tangu mwanzoni mwa Mei 2020, na misibani watu walisema "changamoto ya upumuaji", kila mtu akaelewa. Nyumbani kwetu tuliugua karibu wote: homa, kikohozi, pua isiyosikia hata harufu ya vitunguu vinavyoungua. Tulijifukiza, tukanywa tangawizi na malimao. Wenzangu wakapona. Mimi nilipofanikiwa kupimwa, wiki kadhaa zilikuwa zimepita na homa ilishaondoka. Majibu yakaja hasi.

Sasa tuelewane kuhusu hilo jibu. Kipimo cha PCR hutafuta vinasaba vya kirusi puani na kooni siku ileile unayopimwa. Hakijui ulikuwa na nini mwezi uliopita. Ukichelewa, kirusi kinaweza kuwa kimeshatoweka huku madhara yake yamebaki. Kipimo cha kingamwili kwenye damu nacho kina mipaka: kingamwili hupungua kadiri muda unavyokwenda, wengine hawatengenezi za kutosha kuonekana, na mtu akishachanjwa, baadhi ya vipimo haviwezi kusema kama kingamwili zimetokana na ugonjwa au chanjo. Chanjo ilianza kutolewa nchini Julai 2021, nami nilichanja, kwa hiyo njia hiyo ikafungika kwangu.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, lilipotoa maelezo rasmi ya hali hii Oktoba 2021, halikudai cheti cha kipimo chanya. Lilisema ni mtu aliyethibitika au anayedhaniwa kuwa aliambukizwa, ambaye kwa kawaida dalili anazo miezi 3 tangu alipoanza kuugua, zimedumu angalau miezi 2, na hazielezeki kwa ugonjwa mwingine. Kule Uingereza, mwongozo wa NICE, taasisi inayoandaa miongozo ya matibabu, wa Desemba 2020 ulishawaambia madaktari wasimnyime mtu huduma kwa sababu tu hana kipimo chanya. Nilinakili maelezo hayo kwenye daftari nikaenda nayo kliniki. Sikwenda kubishana. Nilisema tu, "Daktari, naomba usome hapa, kisha tuangalie ni nini kingine tunatakiwa kukitafuta."

Hapo kwenye "nini kingine" ndipo nitakapokawia, maana nimeona watu wakijibandika jina la Korona ya muda mrefu kabla hawajaangaliwa vizuri. Kwa nchi yetu hiyo ni hatari. Uchovu, kikohozi na kupungua uzito vinaweza kuwa TB, na kipimo chake ni bure katika vituo vya serikali. VVU vilevile ni bure. Anza na hivyo, hata kama unajiamini, hata kama utaona aibu kuonekana kwenye foleni ile. Baada ya hapo fuata wingi wa damu, madini ya chuma, sukari, tezi ya shingo, figo, ini, na kipimo cha umeme wa moyo. Kama mfuko hauruhusu vyote kwa pamoja, mwombe daktari avipange kwa umuhimu, mvifanye kidogo kidogo. Kwangu madini ya chuma yalikutwa chini sana. Nikatibiwa, nywele zikaacha kukatika na uchovu ukapungua kiasi. Mengine hayakuondoka, lakini kile kilichokuwa na dawa kilipata dawa, na hilo si dogo.

Jihadhari na vichochoro viwili. Cha kwanza ni taifodi. Kipimo cha Widal mara nyingi huonyesha taifodi kwa mtu asiye nayo, na ukienda umechoka tu unaweza kutoka na mfuko wa antibayotiki kila mwezi. Cha pili ni dripu ya "kuongeza nguvu". Sijawahi kuona nguvu iliyodumu kutokana nayo zaidi ya usingizi wa siku ile, na bili yake haina huruma.

Hakuna kipimo kimoja cha damu wala picha kinachothibitisha Korona ya muda mrefu, kwa hiyo ushahidi mkubwa unaoweza kumpelekea daktari ni mwenendo wa mwili wako. Weka daftari. Mimi naandika mistari miwili kila jioni: nilifanya nini, na mwili ulikuwaje. Baada ya muda nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Siku mbaya hazikuja siku ya kazi nzito. Zilikuja kesho yake, au keshokutwa. Nikifua nguo za nyumba nzima Jumamosi, Jumapili naenda kanisani vizuri, Jumatatu siwezi kuinua mkono kuandika ubaoni. Kama wewe pia mwili unakuzimikia siku moja au mbili baada ya shughuli, mwambie daktari kwa maneno hayohayo, maana dalili hiyo inabadilisha ushauri wote.

Inabadilisha hasa ushauri wa mazoezi. Utaambiwa na kila mtu utoe jasho, ukimbie asubuhi, uache uvivu. Kwa mtu anayezimika baada ya shughuli, kujilazimisha kunaweza kumrudisha nyuma kwa wiki. Mwili wangu unakwenda kwa uniti kama mita ya umeme ya LUKU: ukizimaliza leo asubuhi, jioni uko gizani. Kwa hiyo nagawa. Siku ya vipindi vinne sipiki ugali. Nakula wali wa jana bila kumwomba mtu radhi. Vitunguu nakatia juu ya kigoda. Nafua vichache vichache. Daladala naisubiri ile yenye nafasi ya kukaa, hata nikichelewa, kwa sababu kusimama kutoka Mbagala hadi Kariakoo kunanimaliza kuliko kazi yenyewe. Na napumzika kabla sijachoka, jambo ambalo ni gumu kuliko yote kwa mwanamke aliyelelewa akiambiwa anayelala mchana ni mgonjwa au mvivu.

Kuhusu moyo kwenda mbio: lala chali dakika kama kumi, hesabu mapigo, halafu simama bila kutembea na uhesabu tena mara kadhaa hadi dakika ya kumi. Mtu awe karibu yako, usije ukaanguka. Kwa mtu mzima, mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi na kubaki juu, andika namba hizo umpelekee daktari. Kuna hali inayojulikana ya namna hiyo, na inatibika kwa kiasi. Wengine hushauriwa kuongeza maji na chumvi, ila usijiongezee chumvi kabla presha yako haijapimwa; kwenye nyumba nyingi za kwetu presha ya kupanda iko tayari. Na ukiwa na kizunguzungu cha namna hii, nyungu ya kujifukiza iache. Kuzimia juu ya maji yanayochemka si tiba.

Yapo ya kukimbilia hospitali bila kusubiri daftari: maumivu ya kifua, kukosa pumzi ukiwa umekaa, mguu mmoja kuvimba, kukohoa damu. Usiyaweke kwenye kapu la "ndiyo ile Korona yangu".

Ndugu nao. Shangazi yangu alinifuata hadi chumbani: "Mwanangu, hospitali wamesema huna kitu. Si twende ukaombewe, au kuna mtu umemkosea?" Nikamwambia, "Shikamoo shangazi, tutaomba, ila leo nisaidie kuteka maji." Aliteka. Nimegundua watu hawahitaji kuamini jina la ugonjwa ili wakusaidie ndoo moja. Wape kazi, mjadala utajiahirisha wenyewe. Ukiambiwa ni msongo wa mawazo, usiruke juu pia. Kuugua muda mrefu bila kuaminiwa kunaweza kukuletea huzuni ya kweli, nayo ina matibabu yake. Pokea hayo, huku ukiomba mwili uendelee kuangaliwa.

Kazini nilisumbuka kwanza kutafuta barua inayotaja ugonjwa. Hakuna aliyekuwa tayari kuiandika, na ED (ruhusa za daktari za kupumzika kazi) za siku tatu tatu zilikuwa zinanichonganisha na ofisi nzima ya walimu. Daktari niliyempata baadaye alifanya jambo rahisi zaidi: aliandika mahitaji. Barua yake haitaji Korona popote. Inasema mwalimu huyu afundishe akiwa amekaa, apewe vipindi vya asubuhi, asipangwe zamu ya kusimamia mstari. Mkuu wa shule aliisoma, akavuta ratiba, akaanza kuhamisha vipindi kwa kalamu nyekundu. Vya mchana alichukua mwenzangu wa Jiografia, nami nikachukua usahihishaji wa madaftari yake, ninaoufanya nimekaa, kwa kasi yangu.