Mama asiogope sindano ya jicho

Dada, unauliza kama mama yako hapo Ujiji akubali sindano ya jicho au asubiri, maana majirani wamemtisha. Tafadhali asisubiri. Kama daktari wa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, amethibitisha ni ugonjwa wa kuchakaa kwa kitovu cha retina kwa sababu ya umri, ile aina ya majimaji, kuna mishipa mibovu inavuja chini ya retina, na kovu likishajijenga pale katikati, kuona huko hakurudi. Dawa kama bevasizumabu huizuia mishipa hiyo. Mara nyingi huchomwa kila mwezi kwa miezi 3, halafu nafasi kati ya sindano inaongezwa. Jicho hutiwa matone ya ganzi, na kuchomwa kwenyewe ni sekunde chache. Baadaye maumivu yakizidi, jicho likiwa jekundu au kuona kukishuka, arudi hospitali siku hiyohiyo.

Kazi ni safari. Kigoma hadi Dar kwa treni si mchezo kwa mtu mzima, kwa hiyo ulizeni kwanza ratiba, gharama na bima.

Nyumbani, kila asubuhi afumbe jicho moja, atazame fremu ya mlango kwa lingine, kisha abadilishe. Ikionekana imepinda kuliko jana, mpigieni daktari. Anapochambua mchele, taa iwe karibu na ungo. Na mwambieni ugonjwa huu kwa kawaida haumwachi mtu gizani kabisa. Pembeni ataendelea kuona.