Fimbo ya Jigi kwa Mwenye Mfuko Mwepesi

SWALI: Shikamoo mzee. Nimezoea kuvua samaki aina ya besi kwa fimbo nyepesi na chambo vidogo. Tangu nihamie kwenye jigi, ile chambo bandia yenye kichwa cha risasi, naambulia patupu: nahisi kitu kimegusa, navuta kwa nguvu, jigi inarudi peke yake. Rafiki yangu anasema kosa ni la fimbo. Fedha niliyodunduliza inatosha fimbo nzuri na rili (kigurudumu cha kuzungushia uzi) ya kawaida, au rili nzuri na fimbo ya kawaida. Vyote viwili vizuri siwezi. Halafu dukani kila fimbo imeandikwa herufi nisizozielewa: M, MH, H, F, IM7. Nishike ipi? – Mvuvi wa Jumamosi

JIBU: Marahaba. Rafiki yako kasema kweli, na fedha yako iende kwenye fimbo. Rili utaibadilisha ukijaliwa.

Itazame jigi yenyewe kwanza, iweke kiganjani. Kichwa chake ni chubwi, risasi iliyosubiwa moja kwa moja juu ya ndoana. Ndoana hiyo ni nene kuliko ulizozizoea. Shingoni ina sketi ya nyuzi za mpira, na mbele ya ncha imesimama brashi ya nyuzi ngumu inayozuia isinase kwenye magugu na magogo. Ibonyeze brashi hiyo kwa kidole uone inavyobisha. Basi samaki akishaibeba, mkono wako una kazi mbili kwa mpigo mmoja: kuilaza brashi, kisha kuizamisha ndoana nene kwenye kinywa kigumu. Fimbo yako nyepesi inajipinda mpaka karibu na mpini, na nguvu zako zote zinaishia kwenye huo mpindo. Ndoana inaguswa tu.

Ndiyo maana ya herufi. M ni ya wastani, H ni nzito, yaani ngumu kupinda, MH iko kati yake, na hiyo MH ndiyo yako. F inaeleza fimbo inapindia wapi: yenye F hupinda sehemu ya juu na kubaki ngumu kuanzia katikati kushuka chini. Urefu uwe futi 7 hivi, yaani mita 2.1, ukipata inchi mbili tatu za ziada si vibaya, kwa kuwa fimbo ndefu huzoa uzi mwingi kwa mvuto mmoja. Lakini usiziamini herufi peke yake, maana kila mtengenezaji ana kipimo chake na MH ya huyu ni H ya yule. Soma uzito wa chambo ulioandikwa karibu na mpini. Tafuta fimbo inayobeba aunsi 3/8 mpaka 1, sawa na gramu 10 mpaka 28 hivi. Jigi ya kawaida ya nusu aunsi ni gramu 14, na ukiivisha mkia wa plastiki inaongezeka. Bado utakuwa ndani ya kipimo.

IM7 isikubabaishe. Majina hayo yalianza kama majina ya kibiashara ya nyuzi za kaboni, hayajawa madaraja ya ubora. Tena kaboni ngumu sana huvunjika upesi ikigongwa, kwa hiyo fimbo ya kaboni ya wastani, ambayo ndiyo ya bei nafuu, inamfaa mtu anayejifunza.

Sababu ya pili ya kuitanguliza fimbo ni kusikia. Besi haikimbizi jigi kila mara. Mara nyingi hufungua kinywa na kuifyonza pamoja na maji wakati bado inazama. Unachopata mkononi ni “tik” moja, kama mtu aliyegonga dirisha kwa ukucha. Au uzi unalegea kabla jigi haijafika chini. Au inakuwa nzito kidogo tu, kama imezoa jani bichi. Dakika hiyo rili haina la kukuambia. Fimbo ndiyo sikio lako.

Mimi mwenyewe niliponunua ya kwanza nilinunua kwa macho. Mpini wa koki laini, nyuzi za rangi ya dhahabu zimezungushwa kwenye kila pete ya kupitishia uzi, muuzaji akaniwekea mkononi kama anakabidhi mtoto. Ilikuwa nzuri kuning'iniza ukutani. Ziwani niliona uzi ukitembea pembeni wenyewe, samaki amekwishabeba, na mkononi sikusikia kitu! Nikaja kuivunja kwa ujinga wangu: samaki yuko miguuni, nikainua fimbo mpaka ikapita wima nyuma ya kichwa, uzito wote ukahamia kwenye ncha. Ikalia kama bua kavu. Fimbo ya kaboni usiiinue hivyo hata iwe ya bei gani.

Siku hizi naijaribu hapo hapo dukani. Naomba rili yoyote ifungwe, kwa kuwa fimbo tupu haionyeshi mizani yake halisi. Ikiinama mbele mno, kiwiko kitauma kabla ya saa sita. Kisha nafumba macho, naomba mtu akwaruze ncha kwa ukucha, taratibu kabisa. Mkwaruzo ukifika kiganjani, tunaendelea. Nikiletewa tatu, mara nyingi ile inayong'aa kuliko wenzake ndiyo kiziwi. Halafu naiangalia kwa jicho moja tangu mpini mpaka ncha kama fundi anayeangalia ubao, pete zote zikae mstari mmoja. Mwisho napitisha pamba ndani ya kila pete. Pamba ikiacha nyuzi, pete ina ufa, na ufa huo utakukatia uzi samaki akiwa karibu na boti. Usipinde ncha kwa mkono ili kuipima, ukiivunja utailipa.

Pa kubania ni mpini. Wa sponji unavua sawasawa na wa koki. Fimbo ya vipande viwili nayo haina neno, mradi kiungo kibane bila kucheza. Ya mtumba pia naikubali, ila pitisha ukucha taratibu kwenye mwili wote wa fimbo. Ukucha ukikwama kwenye kidonda, hata kama ni kidogo kama punje ya mchanga, irudishe.

SWALI: Nisipopata fedha ya fimbo mwezi huu, kuna la kufanya? – Huyo huyo

JIBU: Lipo. Hukuniambia unatumia uzi gani, nami nashuku ni nailoni. Nailoni hunyumbuka, na juu ya fimbo laini inakuwa balaa juu ya balaa. Weka uzi wa flurokaboni unaohimili ratili 15. Utakapopata fimbo ya MH unaweza kupanda mpaka 20. Uzi wa kusukwa wa ratili 50 usiuguse kwa sasa, huo ni wa magugu mazito na fimbo nzito, utaivunja uliyonayo.

Shuka pia kwenye jigi ya aunsi 3/8. Chukua mkasi, punguza nyuzi za brashi karibu theluthi moja, na zilizobaki uzitawanye kidogo kwa vidole. Kisha shika tupa, inoe ndoana kutoka shingoni kuelekea nchani mpaka ikwame kwenye ukucha wa dole gumba badala ya kuteleza. Ukisikia “tik”, usivute papo hapo. Shusha ncha ya fimbo, zungusha rili mpaka uzi ukazike, ndipo upige.